Mama Kutoka Kambo

Juzi jirani yangu hapa Mtwara alikuwa anachoma korosho uani, moshi ukapita juu ya ukuta ukaingia mpaka chumbani kwangu. Wenzangu mliokulia kusini mnaujua moshi huo. Unakereketa koo, una mafuta ya maganda ndani yake, na ukishashika nguo hautoki kwa maji matupu. Nikafunga dirisha. Kisha nikalifungua tena, maana nilikuwa nimeviona akilini vidole vya Mama. Ncha zake zilikuwa nyeusi na ngozi imebambuka kwa utomvu wa maganda, kwa sababu alibangua korosho za watu kwa ujira, na alfajiri akabeba sinia la ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, kwenda kuuza stendi ya Nachingwea. Mama hayupo tena. Baba yupo, mzima wa afya. Hilo ndilo linalonikera, na ndilo linalonifanya nisimulie. Sisimulii ili mnione nina moyo mweupe.

Mama hakunizaa. Aliyenizaa alikufa nikiwa bado natambaa, na Baba akamwoa Somoe, ambaye watu wake walikuwa upande wa Likunja. Hakujaliwa mtoto wa tumboni, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Hawa, kwa jina langu. Mimi nilijua hilo tu. Siku moja bombani nikawasikia wanawake wawili wakinong'ona, "Lakini si ni mama wa kambo tu yule." Nikaelewa kwamba Kambo ni kijiji. Mtaani kwetu kulikuwa na mzee wa Matambarale aliyetengeneza baiskeli, kulikuwa na mama wa Masasi aliyekaanga vitumbua. Basi wangu alikuwa mama wa Kambo. Nikaringa nacho kijiji hicho. Niliwaambia wenzangu shuleni kwamba kwetu Kambo kuna mto usiokauka, na kwamba tukifunga shule Mama atanipeleka.

Baba aliondoka nikiwa darasa la kwanza. Alisikia habari za dhahabu ya Namungo kama walivyosikia wanaume wengi, akaenda na koleo na godoro. Tofauti na wengi, yeye aliipata. Alianza kuchimba, kisha akawa ananunua mawe ya wenzake, kisha akanunua gari, Noah ya rangi ya fedha, na kuoa mwanamke mjini Ruangwa. Mama alipewa talaka kwa simu. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikisokota sikio la paka, nikamsikia akisema tu, "Nimesikia," halafu, "Mti usiozaa, sawa," halafu akakata. Akarudi kwenye korosho zake. Nilidhani wameongea habari za shamba.

Mwaka ule wote Baba hakuleta hata kipande cha sabuni. Halafu mchana mmoja Noah ikasimama mbele ya shule, naye akashuka na miwani ya jua, ananukia manukato. "Mwanangu, twende ukanunuliwe viatu." Nani angekataa? Tukaenda mpaka Ruangwa, na kweli akaninunulia viatu vyeusi vyenye kifungo pembeni. Kisha akanipeleka nyumbani kwake, geti likafungwa, na mkewe akaniwekea mtoto mgongoni kabla sijavijaribu mara ya pili. Alikuwa amejifungua mapacha. Mtaani walimwita Mama Pacha. Hakuwa mtu wa kupiga. Nasema hilo kwa haki yake. Lakini kuanzia siku ile nilifua nepi, nikasonga uji, nikabeba mmoja huku namtikisa mwingine kwa mguu. Viatu viliwekwa juu ya kabati. "Hivyo ni vya shule," aliniambia. Shule yenyewe haikutajwa tena. Nililala stoo, kati ya magunia ya mbaazi.

Mama alikuja kabla wiki haijaisha. Nilisikia sauti yake getini nikakimbia na mtoto mgongoni, lakini Baba alishawahi, akasimama katikati ya geti ameshika nguzo zote mbili.

"Nimemfuata mtoto," Mama alisema.

"Mtoto gani? Somoe, wewe huna mtoto." Hakumwita Mama Hawa. Hakuwahi kumwita hivyo tena.

"Hawa yuko darasa la tatu. Walimu wanamuuliza."

"Ni damu yangu, nitajua mwenyewe pa kumsomesha."

"Nimemlea mimi huyu."

"Hata mbuzi hulelewa," Baba akasema, na akacheka kwa sababu vijana wa bodaboda walikuwa wanasikiliza. "Umemzaa? Wewe ni nani yake?"

Nilingoja Mama amtukane. Alijua kutukana, stendi nzima ilimwogopa. Lakini alimtazama Baba usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akaniona nyuma ya mkono wa Baba. "Kula ushibe, mwanangu," aliniambia. "Nakuja." Akapanda bodaboda akaondoka. Niliamini anakuja kesho yake, na kesho yake nilikaa karibu na geti mpaka nikafukuzwa.

Walionisimulia baadaye wanasema alifika stendi ya Nachingwea akatua mkoba, akawaambia wauzaji wenzake, "Nitamfundisha yule bwana kwamba kuzaa si kukojoa." Wengine wakamshauri aende kwa mganga. Mwalimu wangu wa darasa akamshauri aende ustawi wa jamii. Mama hakuwa amefika shule zaidi ya darasa la nne, na Kiswahili chake kilichanganyika na Kimwera kila alipokasirika, lakini alikwenda. Akaambiwa kwamba aliyelea mtoto naye anaweza kuiomba mahakama impe mtoto, hata kama hakumzaa, na kwamba anaweza pia kuiomba imwamuru baba atoe matunzo. Wanasema aliuliza mara mbili hilo la matunzo. Aliuliza kama kweli mwanamume anaweza kulazimishwa. Alipoambiwa ndiyo, akacheka, na mwalimu wangu anasema hajawahi kusikia kicheko cha namna ile.

Mimi habari hizo zilinifikia kwa mdomo wa Baba. Aliingia jikoni na wito wa mahakama mkononi, uso umevimba. "Unamwona yule mwanamke wako? Ananidai matunzo. Anataka alipwe kwa ajili yako." Nikalichukua neno hilo nikalala nalo kwenye magunia. Kulipwa kwa ajili yangu. Kwa akili yangu ya kitoto, kitu anacholipiwa mtu ni kitu alichouza. Mama alikuwa ananiuza kwa Baba, na walikuwa hawajaelewana bei.

Kwa hiyo alipokuja afisa ustawi, dada mmoja mnene mwenye sauti ya chini, nilidhani ni mteja mwingine. Siku hiyo nilikuwa nimeogeshwa na kupakwa mafuta, na viatu vimeshushwa kabatini. Mama Pacha alikuwa amenifundisha niseme nalala chumba cha watoto. Yule dada akaketi, akanywa soda, akazungumza na Baba kwa adabu, kisha akasema anataka kuniona peke yangu. Tukatoka uani.

"Hawa, unalala wapi?"

"Chumba cha watoto."

"Hebu nionyeshe kitanda chako."

Nikampeleka stoo. Sikuwa jasiri, msije mkanisifu. Nilimpeleka huko kwa kuwa hakuna aliyekuwa amenionyesha hicho chumba cha watoto kilipo. Akaangalia magunia, akaangalia kanga yangu juu yake, akakigusa kidole changu kilichoungua kwa uji. Nikamuuliza, "Na wewe unataka kuninunua?" Akachuchumaa mbele yangu ghafla, mpaka mkoba wake ukaanguka, akasema, "Hakuna anayekununua, mdogo wangu. Nani kakwambia hivyo?" Sikumwamini.

Baada ya ziara ile Baba aliingiwa na woga. Alimwita baba yake mkubwa kutoka kijijini, mzee mpole asiyependa kesi, na Mama akaitwa aje wazungumze kifamilia. Walikaa barazani. Mimi nilikuwa ndani, chini ya dirisha, natwanga. Niliusimamisha mchi.

"Mama Hawa," mzee alisema, "kijana amekubali. Mchukue mtoto leo hii, uondoke naye. Ila hii habari ya matunzo uifute. Kila mtu abaki na amani yake."

Nilianza kufikiria kama nichukue viatu au niviache.

"Hapana," Mama akasema.

"Hapana nini, binti yangu? Si unapewa mtoto?"

"Sikuja kupewa, baba. Simchukui kwa namna hiyo. Anipe hakimu, na huyu alipe."

"Unamkomoa!" Baba alipiga kelele. "Humtaki mtoto, unanikomoa mimi!"

"Nakukomoa," Mama alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Sijaficha."

Akaaga kwa heshima, akamwamkia mzee tena, akaondoka bila kuingia ndani kuniona. Nilirudi kwenye kinu nikatwanga mahindi mpaka yakawa vumbi. Hakuna siku niliyomchukia mtu kama nilivyomchukia Mama siku ile. Angeweza kunichukua. Mkono wangu ulikuwa pale, wa kushikwa tu.

Mahakama niliiwazia kama jela yenye kengele. Niliamini nikikosea jibu nitafungwa mimi. Kumbe siku ya siku tuliingizwa katika chumba cha kawaida, viti vya plastiki, pazia la maua, feni isiyozunguka, bila watu wa kutazama. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, hakuvaa joho. Kushoto alikaa Baba na shati jipya. Kulia alikaa Mama na ile kanga yake ya Idi, mikono ameificha chini ya meza. Nilijua kwa nini. Aliona haya kwa vile vidole.

Hakimu akaniuliza jina, shule, rafiki zangu. Kisha akanyoosha mkono upande wa kulia. "Huyu ni nani yako?"

"Mama."

"Mheshimiwa, huyo ni mama wa kambo tu," Baba akadakia.

Hakimu akamwashiria anyamaze. "Hawa, unajua maana ya mama wa kambo?"

"Ndiyo, shikamoo," nikajibu, kwa hofu. "Maana yake ametoka Kambo."

"Kambo ni wapi?"

"Sijawahi kufika. Nadhani ni huko huko Likunja, ukivuka mto."

Karani akainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Dada wa ustawi akatazama pazia. Hakimu aliweka kalamu chini, macho yake juu yangu, na sikuona hata dalili ya kicheko. Mama ndiye aliyenichanganya. Alitoa mikono yake mibaya juu ya meza akafunika uso, na nikaona machozi yanapita kati ya vidole vyeusi. Sikuwahi kumwona analia, si kwa talaka, si getini. Hasira yangu yote ya siku ile ya barazani ikatafuta pa kwenda, ikageuka upande wa kushoto.

"Ungependa kuishi wapi, mwanangu?" hakimu aliniuliza.

"Nachingwea kwa Mama," nikasema. Kisha nikamgeukia Baba, nikamtazama kama Mama alivyomtazama getini. "Na Baba alipe."

"Alipe nini?"

"Kila kitu."

Baba alishtuka. Nilimwona. Mwanamume mzima mwenye gari alishtushwa na mtoto wa darasa la tatu asiye na darasa, na utamu nilioupata ulinipanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Wengi hukumbuka utamu wao wa kwanza kuwa asali au miwa. Wangu ni huo.

Hukumu ilisomwa siku nyingine. Hakimu alisema nikae kwa Mama, kwamba malezi niliyopewa yameonekana, na kwamba Baba atatoa kila mwezi chakula changu, shule na matibabu mpaka nitakapokuwa mtu mzima. Akitaka kuniona, aje. Hakuja kuniona. Miezi ya mwanzo alitoa, kwa kuchelewa, kisha akaacha kabisa. Alimtumia Mama ujumbe: "Nenda ukashtaki tena kama hujachoka kupanda magari."

Mama hakuwa amechoka. Alirudi mahakamani, akasubiri kwenye korido na mkate wake, akaambiwa aje tena, akaja tena. Nilirudi shule na viatu vilivyoanza kunibana, na kila niliporudi nilimuuliza, "Vipi, Mama?" Naye alijibu, "Linapikwa."

Liliiva siku ya mechi. Kule kwetu mnajua mechi ni nini: maduka yanafungwa, watu wanatoka Namungo na machimbo yote, wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa wanaacha vijana na mifugo nao wanakuja na fimbo zao kuangalia mpira. Mama aliniamsha mapema, akanisuka, akanivalisha gauni. "Tunakwenda Ruangwa mpirani," alisema. Hakuwa mtu wa mpira. Tulisimama kwenye kivuli cha kibanda cha chipsi, karibu na mahali magari ya wakubwa yanapoegeshwa, na akaninunulia chipsi mayai, kitu ambacho hakikuwahi kutokea.

Baba alikuja na Noah yake, madirisha wazi, muziki juu, rafiki zake wamejaa ndani. Aliposhuka tu, dalali wa mahakama akamsogelea na askari, akamsomea amri ya kukamata gari na kunyoosha mkono apewe ufunguo. Watu wakajaa. Baba akasema ni makosa, akapiga simu, akataja majina ya wakubwa, akapandisha sauti, akashusha. Mtu mmoja akauliza kwa nguvu, "Kwani kafanya nini?" na dalali, ambaye hakuwa na sababu ya kumficha, akajibu, "Hatunzi mtoto." Neno likatembea. Hatunzi mtoto. Hatunzi mtoto wake. Mama mmoja muuza maji akaguna "Mmh!" ile ndefu ya kikwetu, na mmoja wa wale wafugaji akasema kwa lafudhi yake nzito, "Hata ng'ombe, baba, hata ng'ombe unamtunza." Watu wakaangua kicheko. Baba akainua macho akatuona. Mama alikuwa anakula chipsi zangu, moja moja, taratibu. Hakupunga mkono wala kutabasamu. Alihakikisha tu ameonekana.

Goli lilifungwa baadaye, uwanja ukalipuka. Sijui lilifungwa na nani.

Njiani kurudi, ndani ya gari la abiria, lile jambo lililonikaa tangu siku ile ya barazani likanitoka. "Mama, ulinitaka mimi, au ulitaka kumkomoa Baba?"

Hakukasirika. Alitazama mashamba ya ufuta yakipita. "Vyote viwili," alisema. "Usinichagulie kimoja."

"Mbona hukunichukua siku ile? Alikuwa ananitoa."

"Ndiyo, alikuwa anakutoa. Kitu ukipewa bure, mwenyewe hukirudia. Mapacha wangekua, angekuja na viatu vingine. Ningemzuia kwa kitu gani? Sasa ipo sheria kati yenu. Na nilitaka aumie, mwanangu. Hilo nalo usilifiche ukikua. Nilikaa nyumbani ile miezi nikiwaza unakula nini, na kilichonipa nguvu ya kupanda gari kila mara si dua peke yake."

Kisha akalala begani kwangu, mdomo wazi, mchana kweupe, na mimi nikakaa wima kama mlinzi mpaka Nachingwea.

Kuanzia hapo Baba alilipa. Alikomboa gari lake na hakuthubutu tena kuruka mwezi. Mama alikataa kutumiwa kwa simu. Alimtaka afike mwenyewe Nachingwea, mbele ya dada wa ustawi, aketi, asaini. Miaka ikapita hivyo. Nilikulia kwenye fedha hiyo na kwenye korosho za Mama, na nilijua fedha ipi imenunua kitu gani, maana Mama alinionyesha: "Kalamu hizi, Baba. Hili begi, Baba. Dawa ile ulivyougua, Baba." Hakuwahi kununua hata kitenge chake kwa fedha hiyo.

Malipo ya mwisho aliyaleta nyumbani, baada ya mimi kutimiza umri uliotajwa na hakimu. Alikuwa amenenepa, kaona uzee kidogo, dhahabu haikuwa tena kama zamani. Mama alikuwa uani anapepeta mbaazi. Baba aliweka bahasha kwenye mkeka, akafuta jasho, akasema kwa furaha ya mtu aliyetua mzigo, "Haya, Somoe. Basi. Tumemalizana."

"Mimi na wewe tumemalizana," Mama alisema bila kuinua macho. "Huyu ndiyo kwanza anaanza."

Sikuwa nimejiandaa. Lakini niliingia ndani nikatoa kigoda, nikakiweka mbele yake, nikakaa karibu kiasi cha magoti yetu kugusana.

"Baba," nikamuuliza, "nasoma kidato cha ngapi?"

Alimtazama Mama, kama mtoto anayetafuta jibu kwa jirani yake wa dawati. Mama alitikisa ungo, akapuliza makapi, akaendelea kupepeta.